Mcheza Kwao Hutunzwa: Sekunde Saba za Washington

Katika ukumbi wa taarab, malipo yana njia yake. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka kitini, hucheza taratibu kuelekea jukwaani huku ameinua noti mkononi, na kumkabidhi mwimbaji mbele ya macho ya watu wote. Huko ndiko kutunza. Kitendo hicho hakiishii kwenye fedha, kwa kuwa kinatangaza hadharani kwamba fulani ameimba, fulani amesikia, na deni baina yao limetambuliwa. Neno tuzo limechipuka kutoka mzizi huohuo, na wahenga wakajengea juu yake methali: mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, methali hii imeficha sharti ndani yake. Mchezaji na mtunzaji lazima waonane. Mchezo ukitoka nje ya kwao, ukavuka bahari bila jina la mwenyewe, ukakesha katika nyumba za watu wasiomjua, ni nani atakayetunza, na atamtunza nani?

Swali hili lina kisa chake, nacho kinaanzia Washington. Mwaka 1969, bendi ya mji huo iliyoitwa The Winstons, ikiongozwa na mwimbaji na mpiga saksofoni Richard Spencer, ilikwenda Atlanta kurekodi wimbo uitwao “Color Him Father”. Wimbo unamhusu baba wa kambo anayewalea kwa mapenzi watoto wa mwanamume aliyeuawa vitani, na katika Marekani ya siku za vita vya Vietnam ulipenya nyoyo za wengi. Ulifika nafasi ya 7 katika chati ya Billboard, na mwaka 1970 ukampatia Spencer tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa R&B. Kwa kipimo cha methali, The Winstons walikuwa wamecheza na wametunzwa.

Lakini santuri ina pande mbili, na upande wa pili ulihitaji kujazwa. Bendi iliuchukua wimbo wa kanisani wa “Amen”, ambao wasikilizaji wa Marekani walikwisha kuuzoea, ikaupiga bila maneno na kuuita “Amen, Brother”. Ulikuwa mfupi mno. Ili kuurefusha, vyombo vingine vilinyamaza katikati na mpiga dramu, Gregory Coleman, akaachwa peke yake kwa vipimo vinne vya muziki. Katika vipimo viwili vya kwanza aliendeleza mapigo yaleyale ya awali. Katika cha tatu aliuchelewesha mgongo mmoja wa dramu ndogo, kama mtu anayekanyaga ngazi na kukuta imesogea. Katika cha nne aliliacha pigo la kwanza tupu, kisha akaanguka na mapigo yaliyopishana na kulipiga toazi kabla ya wakati wake. Jumla yake ni kama sekunde saba. Vyombo vikarejea, wimbo ukaisha, na hakuna aliyeshughulika tena na upande ule.

Bendi yenyewe haikudumu. Ilichanganya watu weusi na weupe, na kwa sababu hiyo haikupata kwa urahisi kumbi za kupigia katika majimbo ya kusini. Ilivunjika mwaka 1970. Spencer akaachana na biashara ya muziki, naye Coleman, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewapigia watu wenye majina makubwa, akatoweka katika kumbukumbu za umma.

Zile sekunde saba hazikutoweka. Mwaka 1986 “Amen, Brother” iliingizwa katika mfululizo wa santuri za New York ulioitwa Ultimate Breaks and Beats, uliokusanya nyimbo za zamani zenye vipande vitupu vya dramu kwa manufaa ya ma-DJ. Miaka hiyohiyo mashine za sampla zilianza kushuka bei. Sampla hunasa kipande cha sauti, hukihifadhi, na kumruhusu mtu akipige upya kwa kidole, akikate, akigeuze, akiharakishe. Wanamuziki wa hip hop walikitumia kipande cha Coleman katika mwendo wake wa asili au wakakipunguza kasi. N.W.A. walikiweka katika “Straight Outta Compton” mwaka 1988. Kisha santuri zilezile zikavuka Atlantiki, na huko London vijana wakafanya jambo ambalo Coleman hakuliwaza: walikiendesha kwa kasi ya mapigo 160 na zaidi kwa dakika, wakakikatakata pigo kwa pigo, wakakipanga upya, na chini yake wakatandika besi nzito na ya polepole iliyorithiwa kutoka kwenye spika za Wajamaika. Muziki huo uliitwa jungle, na baadaye kidogo drum and bass.

Redio zenye leseni hazikuutaka mwanzoni, na hivyo ukapata redio zisizo na leseni. Uingereza ilikuwa na desturi ndefu ya redio haramia tangu Radio Caroline ilipotangaza kutoka melini mwaka 1964, lakini maharamia wa miaka ya 1990 bahari yao ilikuwa paa za majengo marefu ya halmashauri. Kool FM ilianza Hackney mwaka 1991, Rinse FM mwaka 1994. Mtambo wa kurushia matangazo ulifichwa juu ya jengo pamoja na antena yake. Studio ilikuwa mahali pengine kabisa, na sauti ilipelekwa hadi paani kwa kiungo kidogo cha redio, ili maofisa wa serikali wakipanda na kukamata mtambo wasiwakute watu. Mtambo ukikamatwa leo, mwingine ulipandishwa kesho. Ma-DJ wengi hawakulipwa chochote. Baadhi yao walichangia fedha kila mwezi ili kituo kiendelee.

Katika vituo hivyo ilizuka namna ya kutunza. Wasikilizaji walipiga simu studio, na mshereheshaji aliyeshika kipaza sauti akayataja majina yao juu ya muziki: fulani wa mtaa fulani, fulani aliye kazini usiku huu, fulani anayeendesha gari. Wimbo uliowapendeza ulirudishwa mwanzo kwa maombi yao. Aliyewahi kukaa katika harusi ya pwani angeutambua mara moja utaratibu huu, kwani ni uleule wa sauti kutoka jukwaani na sauti kutoka kwa hadhira kuitikiana mpaka alfajiri. Usiku kucha majina yalitajwa, na usiku kucha mapigo ya Gregory Coleman yalikuwa chini ya majina hayo. Jina lake yeye halikutajwa, kwa sababu waliokuwa hewani wengi wao hawakulijua. Wao waliyaita mapigo hayo “Amen” tu, kama watu wanaoitumia barabara kwa jina la kijiji ilikotoka bila kujua nani aliifyeka.

Hapa ndipo neno haramia linapoanza kumchanganya anayelitumia. Serikali ya Uingereza iliwaita vijana hao maharamia kwa sababu waliyatwaa masafa yasiyo yao. Kwa upande wa dramu hakuna ofisa aliyepanda paani. Nyimbo kwa maelfu zilitengenezwa kwa kipande cha Coleman. Nyingine ziliuzwa kutoka kwenye buti za magari, nyingine na kampuni kubwa zenye mawakili. Jungle ilipokubalika, BBC Radio 1 ikaipa kipindi chake mwaka 1995, na mwaka 1997 Roni Size na kundi lake la Reprazent wakatwaa tuzo ya Mercury kwa albamu ya drum and bass. Rinse FM yenyewe ilipewa leseni mwaka 2010. Wizi wa hewa ukasamehewa na kuhalalishwa, ilhali deni la dramu likabaki palepale. Na ukweli mmoja hauna budi kusemwa, ingawa unachoma: hata kama kila senti ya mrabaha ingalilipwa, sheria ingalimpa Spencer aliyekuwa na hakimiliki. Sheria ilimwona mtunzi na mwenye rekodi. Mpiga dramu, kwa macho yake, alikuwa mtu aliyekwisha kulipwa ujira wa siku.

Je, hali ilikuwaje Washington penyewe? Kwa Waswahili wengi, Washington ilikuwa sauti ya redio kabla ya kuwa mji. Tangu mwaka 1962 Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ilitangaza kutoka humo, na jina la mji likasikika kila siku Mombasa, Kigoma na Bukavu kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuuona. Humohumo ndimo yalimo makao ya FCC, tume ya serikali kuu inayogawa masafa kwa nchi nzima ya Marekani. Mwaka 1978 tume hiyo iliacha kutoa leseni mpya kwa vituo vidogo vya chini ya wati 100, na aliyetaka kuusemesha mtaa wake kwa mtambo wa bei ndogo akageuka mhalifu. Mwezi Oktoba 1998 watangazaji wasio na leseni kutoka sehemu mbalimbali za nchi waliandamana Washington hadi kwenye tume na kwenye chama cha wamiliki wa redio za kibiashara, wakiwa wamebeba vikaragosi vikubwa, wakidai nafasi hewani.

Vijana weusi wa mji huo, kwa upande wao, walikuwa na njia yao ya kuipita redio. Muziki wao ni go-go, uliolelewa na Chuck Brown katika miaka ya 1970: bendi haisimami baina ya nyimbo, bali ngoma huendelea kuunganisha wimbo na wimbo ili wachezaji wasirudi vitini. Redio za kitaifa hazikujua la kufanya na muziki usio na mwisho. Basi bendi zilirekodi maonyesho moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya ukumbini, na kanda hizo, zilizoitwa kanda za P.A., zikauzwa na kunakiliwa mkono kwa mkono. Ndani ya kanda hizo majina ya waliohudhuria na ya mitaa yao yametajwa juu ya ngoma, sawasawa na yalivyotajwa kwenye paa za Hackney. Miji hii miwili haikuwa imeshauriana. Yote miwili ilifahamu kwamba ngoma isiyotaja watu wake haijakamilika.

Wakati huo huo mapigo ya Coleman yalirejea kwao yakiwa yamevaa nguo za kigeni. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kila Ijumaa, vijana wa Washington na wa vitongoji vya Maryland na Virginia walikusanyika katika tamasha la Buzz kwenye ukumbi wa Half Street, kusini-mashariki mwa mji, uliokuja kujulikana kwa jina la Nation. Drum and bass ilikuwa na chumba chake mle. Santuri zilitoka London na zilinunuliwa ghali kama bidhaa kutoka ng'ambo. Waliozicheza waliusifu muziki wa Uingereza. Wachache sana kati yao walijua kwamba moyo uliokuwa ukidunda ndani ya santuri hizo ulitoka katika bendi ya mji uleule waliosimama. Mgeni aliingia nyumbani kwake akapokewa kwa heshima zote za mgeni.

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1996, Richard Spencer alipigiwa simu. Mtu wa kampuni ya rekodi ya Uingereza alikuwa akiitafuta kanda ya asili ya “Amen, Brother”. Kwa simu hiyo Spencer akajua, kwa mara ya kwanza, kwamba upande wa pili wa santuri yake ya mwaka 1969 ulikuwa umejenga muziki mzima wa watu wengine. Hakufurahi. Aliona kwamba ameibiwa, na miaka mingi hakulificha hilo. Alipotafuta haki akakuta muda wa kufungua kesi umepita. Ukimya wake wa miaka yote, ambao haukuwa wa ridhaa bali wa kutojua, ukahesabiwa na sheria kama kukubali.

Gregory Coleman alifariki Atlanta mwaka 2006, akiwa hana makazi. Spencer alisema kuna uwezekano mkubwa kwamba mwenzake hakuwahi kujua alichoufanyia muziki wa dunia. Ukumbi wa Nation ulifungwa mwaka huohuo, ukabomolewa, na sehemu ile ya mji ikajengwa upya kuuzunguka uwanja mpya wa besiboli.

Deni lilibaki mpaka mwaka 2015, ambapo ma-DJ wawili wa Uingereza, Martyn Webster na Steve Theobald, walianzisha mchango mtandaoni. Hawakuwa na jukumu la kisheria. Waliwaambia wenzao jambo rahisi: kila aliyewahi kucheza au kutengeneza wimbo wenye “Amen” atoe chochote. Zilipatikana pauni 24,000, na Spencer akazipokea kwa shukrani. Kwa mujibu wa hesabu za biashara, kiasi hicho ni kidogo mno. Mwanasheria yeyote angekikataa mezani. Lakini mtu wa taarab hatashindwa kukielewa. Watu waliocheza kwa miaka ishirini na tano waliinuka vitini, wakapita mbele ya macho ya wenzao, na kusema kwa majina yao kwamba wamesikia. Kutunza hakukomboi bei ya kazi. Kazi yake ni kulitambua deni, na utambuzi huo ndio alioukosa Spencer kwa miaka mingi pamoja na fedha. Alifariki mwaka 2020, akiwa ameusikia. Coleman hakuusikia.

Washington nayo imejifunza kutunza, japo kwa kuchelewa. Mwezi Aprili 2019, duka moja la simu katika kona ya barabara ya Saba na Florida, ambalo kwa zaidi ya miaka ishirini lilikuwa likipiga go-go kutoka kwenye spika za nje, liliamriwa kuzima baada ya malalamiko ya mkazi wa jengo jipya la jirani. Watu walijaa barabarani na bendi zao chini ya kauli ya Don't Mute DC, na muziki ukarudishwa. Februari 2020 meya Muriel Bowser alisaini sheria iliyoifanya go-go kuwa muziki rasmi wa mji. Hewa pia imelegezwa kidogo. Sheria ya vituo vidogo iliyosainiwa mwezi Januari 2011 ilifungua nafasi kwa redio za jamii zisizozidi wati 100, na Takoma Park na Arlington zikapata vituo vya namna hiyo. Lakini mlango mwingine ulibanwa: sheria iliyosainiwa Januari 2020 iliweka faini ya hadi dola 100,000 kwa siku kwa anayetangaza bila leseni Marekani. Uharamia wa hewa bado una bei iliyoandikwa. Uharamia wa ngoma bado hauna.

Msomaji wa Kiswahili aliyeko Silver Spring au Langley Park anaweza kukisoma kisa hiki kama habari ya Wamarekani na Waingereza. Asiwe na haraka. Dar es Salaam imezaa singeli, muziki unaokimbia kwa kasi kupita hata jungle, na vijana wa Manzese na Mburahati walioujenga waliujenga kwa kukata vipande vya taarab, kuvizungusha na kuviharakisha. Ulienea kwa vigodoro, simu na diski za kutoa mkono kwa mkono kabla redio hazijaukubali, na sasa unachezwa katika matamasha ya Ulaya. Ni ubunifu wa kweli, kama jungle ilivyokuwa ubunifu wa kweli, na hakuna sababu ya kuwaita wezi vijana walioubuni kwa mikono mitupu. Hata hivyo, ndani ya kila kipande kilichozungushwa yumo mtu aliyekaa siku moja na kinanda, fidla au dumbaki, akapiga kwa sekunde chache akidhani anajaza upande wa pili. Baadhi ya watu hao wangali hai. Wanaishi katika miji ambayo wachezaji wa singeli wanaweza kufika kwa daladala moja au kwa boti ya asubuhi.

Methali haikukosea, basi, ila ilitungwa katika dunia ambamo kwao mtu palikuwa pahali pamoja. Sampla na redio vimefanya kwao pawe popote ngoma yake inaposikika, na kwa hiyo vimewahamishia wasikilizaji kazi ambayo zamani ilifanywa na ukumbi wenyewe, yaani kumtafuta mpigaji, kujua jina lake, na kwenda mpaka alipo. Ma-DJ wale wawili walifanya hivyo na wakamkuta mmoja kati ya wawili. Wa pili walikuwa wamechelewa kwa miaka tisa.